Jeli si mafuta ya maombi

Bandugu, leo nimepima mugonjwa ekografi, ile masini ya kuonyesha ndani ya mwili, ikageuka maombi!

Mimi ni munganga wa réa, pale kwa wagonjwa mahututi, hapa Bunia. Justin, muchimba zahabu wa kule Kilo, masini ndiyo ilikuwa inamupumulia. Juma iliyopita tulimutoa mupira wa kupumulia mu koo kwa kubahatisha. Akashindwa kupumua. Tukamurudishia.

Nikaapa: kubahatisha tena, hapana! Sharti nione kwanza kama musuli yake ya kupumua iko na nguvu.

Basi leo nikapunguza musaada wa masini, nikamupakaa jeli ya ekografi chini ya mbavu.

Mama yake, mwenye alikuwa pembeni ya kitanda, akazani ni mafuta ya maombi. Akapiga magoti, akaanza kuomba kwa sauti yote.

Ingekuwa weye, ungemukatiza?

Mimi nilimuacha. Nikakaza macho ku ekran.

Musuli ikavuta. Ikavuta tena, nguvu kabisa.

"Tunatoa," nikasema.

Mupira ukatoka. Siye wote tukaangalia kifua ya Justin. Mama peke yake alikuwa anaendelea kuomba, macho amefunga.

Halafu ku kitanda sauti ya kukwaruza ikasema:

"Mama, sema amina basi. Niko na kiu."