Mtoto wa Siku Mbili

Asubuhi hiyo ya mwaka wa themanini na tisa, Muthoki hakuweza kukaa. Wenzake walikuwa wamekwisha kufunga mizigo, maana saa nane gari la uchunguzi lilikuwa linaondoka Mwingi kwenda Matiliku. Yeye alikuwa akizunguka uani mwa nyumba ya wageni, kutoka mferejini hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi mferejini, akitafuna kifuniko cha kalamu. Ndani, Bilha Wariara alikuwa bado anasoma fomu zake.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Bilha. Wasichana waliuliza maswali kutwa, na yeye akasoma kila fomu kabla haijaingia kwenye sanduku la kupelekwa Nairobi. Serikali ilitaka kujua wanawake wa nchi nzima wamezaa watoto wangapi, wangapi wako hai, wangapi wamechanjwa, na majibu yote yangechapishwa kwenye kitabu kimoja kikubwa. Nyumba zenyewe zilichaguliwa kwa bahati nasibu. Ukiambiwa nyumba ya nne baada ya kinu, ni hiyo, hata kama mbwa ni mkali.

Muthoki alikuwa msichana wa upande wa Kitui. Alimaliza kidato cha nne, kisha akakaa nyumbani miaka mitatu akipalilia shamba la mama yake na kusikiliza kila lori kama limebeba barua yake ya kazi. Barua ilipokuja alikimbia nayo hadi kisimani. Hii ndiyo kazi ya kwanza iliyompa beji yenye jina lake. Na aliogopa kuipoteza, kwa sababu wiki mbili nyuma, kule Kasikeu, msichana mmoja alishikwa akijaza fomu peke yake chini ya mti, akiwazalia watu watoto kwa kalamu. Alipandishwa basi la kwenda kwao kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyemuaga.

Bilha alimwita. Alikuwa ameweka fomu mbili kitandani, moja kando ya nyingine.

"Huyu Ndila ana miaka arobaini na saba. Watoto watatu: Nzuki, Muthama na Mumbe," alisema. "Huyu Kalondu, boma hilo hilo, ana ishirini na saba. Watoto watatu. Soma mwenyewe."

Muthoki hakuhitaji kusoma. Walikuwa Nzuki, Muthama na Mumbe, na miaka yao ilikuwa ile ile.

Ilikuwa juzi. Ndila alihojiwa asubuhi, na Kalondu akahojiwa jioni, aliporudi na punda kutoka mtoni, gari likipiga honi barabarani. Mkono wake uliandika majina yale mara ya pili wala haukusita. Na kwa nini usite? Yeye ni Mkamba. Ndila hakubahatika kupata watoto, mume akafariki, basi akatoa mbuzi na ng'ombe akamwoa Kalondu kama mwanamume anavyooa, ili Kalondu azae na watoto wawe wa Ndila. Kwao mke wa namna hiyo huitwa iweto, na hakuna anayeshangaa. Uliza kijiji kizima Nzuki ni wa nani, utaambiwa ni wa Ndila. Ndila hakudanganya. Kalondu pia hakudanganya. Muthoki alieleza haya yote haraka haraka, maneno yakigongana.

Bilha alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akasema hata kwao Murang'a mambo hayo yako, nyanya yake mwenyewe alioa hivyo. "Lakini fomu haiulizi boma, Muthoki. Inaulizia tumbo. Sasa hapa nchi imeongezewa watoto watatu ambao hawako." Akatazama saa. Alisema ofisi ikiona fomu mbili zinazofanana hivi haitauliza habari ya iweto, itasema msichana alinakili. Arudi boma hilo amuulize Ndila tena, vizuri, na awe amerudi saa nane. La sivyo yeye hangekuwa na la kuandika ila lile aliloandika kuhusu msichana wa Kasikeu.

Amin, dreva, alimpeleka. Alikuwa kijana wa hapo hapo Mwingi, baba yake akiuza vitambaa karibu na msikiti, na mdomo wake haukujua kupumzika. Walipishana na malori ya ng'ombe ya kutoka Garissa, vumbi likaingia hadi kwenye meno.

"Dada, hiyo kalamu umeila nusu," alimwambia. "Ukifika utaandika na kidole?"

Muthoki hakucheka. Alikuwa akipanga swali kichwani na kulipangua. Angemwambiaje mama wa watu, ambaye amelipa mifugo yake yote aitwe mama, kwamba serikali inataka kujua kama ni tasa? Akimuuliza mbele ya Kalondu atakuwa amevunja boma. Asipouliza, amejivunja mwenyewe. Alimwambia Amin asimamishe gari mbali, asipige honi hata akichelewa.

Ndila alikuwa amekaa mbele ya nyumba akipepeta pojo kwenye ungo. Nzuki na Muthama walikuwa wanakimbizana na tairi. Kalondu alikuwa ndani, sauti yake ikisikika akimbembeleza Mumbe. Ndila alimwona Muthoki akabaki na ungo hewani.

"Umesahau nini, mwiitu?" aliuliza kwa Kikamba, yaani msichana.

"Nimekosea, mwaitu," Muthoki alijibu kwa heshima, kama anayeongea na mama yake. "Kosa ni langu, si lako."

Ndila alimtazama, akatazama mlango wa nyumba, halafu akasimama na kuelekea nyuma, kwenye zizi la mbuzi. Muthoki alimfuata. Alijaribu kueleza. Alianza na Nairobi, akaingia kwenye kitabu, akarudi kwenye fomu, akapotea.

Ndila alimsaidia. "Wanataka niliyembeba mimi."

"Ndiyo, mwaitu."

"Na hawa watatu mtaninyang'anya?"

Muthoki aliapa kwamba hakuna anayenyang'anya mtu. Watabaki kwenye fomu ya Kalondu, na hakuna ofisa atakayekuja bomani na karatasi hiyo. Fomu yake yeye ingeandikwa sufuri tu. Neno hilo lilimtoka kabla hajalipima, na alitamani kulirudisha.

Ndila alishika ukuta wa zizi. Mbuzi mmoja alimlamba mkono na hakuutoa.

"Si sufuri," alisema. "Andika mmoja."

Muthoki alidhani hakusikia vizuri. Ndila aliongea polepole, akitazama mbuzi. Ulikuwa mwaka wa njaa ya ndege, chakula kilipokuwa kikidondoshwa kutoka angani. Alizaa msichana. Kwa desturi, mtoto hupewa jina siku ya tatu, na kabla ya hapo hahesabiwi, ni kama bado yuko kwa wale aliotoka kwao. Huyu alikufa siku ya pili, jioni. Mama mkwe alimzika mwenyewe, akamwambia asilie, maana hakuna mtu aliyekufa. Mume hakulitaja tena hadi akaingia kaburini. Kalondu hajui.

"Miaka ishirini na minane," Ndila alisema, "na hakuna aliyeniuliza. Hiyo kalamu yako inaweza kuandika asiye na jina?"

Muthoki hakujua. Alifungua kijitabu cha maagizo, vidole vikirusha kurasa, akarudi nyuma, akaenda mbele tena. Barabarani Amin alisahau agizo akapiga honi. Ukurasa ulikuwepo: mtoto aliyefariki kabla ya kupewa jina, aandikwe Mtoto. Alimwonyesha Ndila kwa kidole, ingawa Ndila hakujua kusoma.

Kisha akasogeza kalamu kwenye majina ya wale watatu. Ndila alimshika mkono.

"Usiwafute."

Muthoki alimwambia hafuti. Sheria ya kazi yao ilikataza kusugua jibu. Unapiga mstari mmoja mwembamba, jina likae hapo chini likisomeka. Ndila aliachilia mkono, akasimama akitazama mistari mitatu ikipigwa, mmoja mmoja, na juu yake likaandikwa: Mtoto, msichana, elfu moja mia tisa sitini na moja, siku mbili.

Alipomsindikiza hadi njia panda, Ndila aliuliza swali moja tu. Huyo aliyeandikwa, sasa atakaa wapi? Muthoki alisema kwenye kitabu. Lakini alisema akikimbia, na hakuwa na hakika.

Alifika Mwingi saa nane na robo. Bilha alikuwa amesimama kando ya mizigo, uso umekunjwa. Alisoma fomu palepale juani. Alisoma mistari mitatu, akasoma juu yake, akarudia.

"Siku mbili?"

"Mbili."

Bilha alitoa kalamu akatia sahihi, akaiweka fomu sandukuni kwa mikono miwili. Alimwambia Muthoki apande gari, wamechelewa. Hadi Matiliku hakuna aliyezungumza naye habari ya Kasikeu, lakini hakulala njiani kama wenzake.

Kitabu kilitoka baada ya muda mrefu. Muthoki alikiona katika ofisi ya afya mjini Kitui, ambako sasa alikuwa akijaza rejista za kliniki. Alikiomba, akasimama nacho dirishani. Kulikuwa na jedwali la vifo vya watoto, lakini lilirudi nyuma miaka michache tu. Mwaka wa njaa ya ndege haukuwemo. Alifunua kurasa hadi karani akamuuliza anatafuta nini, akasema anatafuta mtu.

Kisha akaipata safu ya wanawake wa miaka arobaini na tano hadi arobaini na tisa, na mbele yake wastani wa watoto waliozaliwa kwa kila mmoja, wale hai na wale waliokufa. Ilikuwa namba, nukta, na namba ndogo baada ya nukta. Aliweka kidole hapo, kwenye ile ndogo. Bila msichana yule isingekuwa sawasawa, hata kama tofauti ni ndogo kuliko macho yanavyoweza kuona.

Alinakili nambari ya ukurasa kwenye kiganja, akarudisha kitabu, akatoka kuuliza gari la Mwingi linaondoka saa ngapi.