Neno la Siri la Watu Watatu

Jumuiya yetu ya hisani ilikuwa na sanduku la mbao za msaji lenye kufuli tatu. Ufunguo mmoja alikaa nao mwenyekiti, wa pili mweka hazina, wa tatu mimi, mwalimu wa skuli niliyekuwa katibu. Na tangu zama za babu zetu hapakuwa na mkono mmoja ulioweza kulifungua. Jumuiya nyingine za Mji wa Kale zilivunjika kwa kushutumiana. Yetu haikuvunjika. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu kilichotuangamiza hakikuwa uzembe wala hiana.

Mwishoni mwa miaka ya tisini wafadhili wetu wa ng'ambo walituletea kompyuta, pamoja na anwani ya barua pepe waliyotufungulia wao wenyewe. Walisema kwamba tangu hapo maombi na majibu yote yatapita humo; karatasi hawataisoma tena. Msaada wao ndio ulioendesha chumba cha kufungia vidonda kilichokuwa nyuma ya ofisi yetu, upande wa Makadara, ambako nesi mmoja, Mkristo kutoka bara, aliwaosha miguu wazee wenye ugonjwa wa sukari. Mamangu mdogo alikuwa miongoni mwao. Kidonda chake kilikuwa chini ya kidole gumba, na kwa muda mrefu hakikupona wala hakikuzidi. Nesi alikuwa akisema kwamba kwa mguu wa namna ile, kutozidi ndiko kupona.

Fundi aliyeiunganisha kompyuta na waya wa simu alitutaka tuchague neno la siri. Mwenyekiti, karani mstaafu wa bandari ya Kilindini, akauliza ni nani atakayelijua. Fundi akajibu kwamba mtu mmoja atosha. Mwenyekiti akatabasamu kama aliyesikia mzaha usio na adabu.

"Siri ya jumuiya ikikaa kwa mtu mmoja, bwana, si siri tena. Ni mali yake."

Basi tukaligawa. Kila mmoja wetu alitunga kipande chake, akakichapa kwa mkono wake huku wenziwe wameelekeza nyuso ukutani. Fundi alicheka, sisi hatukucheka. Kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri tuliketi kwa zamu mbele ya mashine ile, na barua zikafunguka. Nilidhani kitu kigeni kimeitii desturi yetu.

Tulikuwa tumekwisha kupeleka ombi la kukiendeleza chumba, tukingoja jibu, mweka hazina alipofariki ghafla dukani kwake, mkono ungali juu ya mizani. Tulimzika kabla ya magharibi. Ijumaa iliyofuata tuliketi wawili mbele ya kompyuta, na hapo ndipo tulipotambua alichoondoka nacho.

Mjane wake alikuwa edani, haonani na wanaume wa nje. Nilisimama nje ya pazia, nikamtaka radhi, nikamuuliza kama marehemu aliwahi kumtajia neno, au tarakimu, au chochote.

"Mwanangu," akasema, "mume wangu mlimpa amana. Mlitaka anipe mimi?"

Tulijaribu majina ya wanawe, ya mtaa wake, ya bidhaa alizouza. Mashine ikakataa yote kwa maneno yale yale. Kisha mwenyekiti akaazima faksi ya wakala mmoja wa forodha bandarini, tukawaeleza wafadhili msiba wetu na kuwaomba watufungulie. Tukangoja karatasi itoke katika faksi ile. Haikutoka. Baadaye sana, kwa posta, tulipata kujua kwamba walitujibu upesi, kwa upole na rambirambi, wakatuletea neno jipya la siri. Na kwamba walilipeleka katika anwani ile ile tusiyoweza kuifungua. Kisha wakauliza maswali machache kuhusu ombi letu. Wakauliza tena. Kwa kuwa hatukujibu, wakaamua kwamba jumuiya imekufa, na katika hilo walitutangulia kidogo tu.

Siku ya kufunga chumba, nesi alikuwa akizikunja bendeji kana kwamba kesho atazikunjua tena.

"Mwalimu," aliniambia, "ufunguo wa lile sanduku lenu la mbao ukipotea, mnafanyaje?"

Nikamwambia tunamwita seremala.

"Basi," akasema, "hili ndilo msiloweza kuliitia mtu."

Akarudi bara. Wazee walikuja kuketi barazani asubuhi kadhaa, kwa mazoea, kisha wakaacha kuja.

Kidonda cha mamangu mdogo kikaanza kupanda. Nilikiosha mimi, wakakiosha binti zake, na sote hatukuwa na mkono wa yule nesi. Hospitalini waliukata mguu chini ya goti. Nilipokwenda kumtazama aliniuliza kwa nini nesi aliondoka, nami, kwa kuwa hakuwahi kuelezwa, nikamsimulia yote tangu neno lilipogawanywa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe marehemu alikuwa mwaminifu kiasi hicho," akasema, kisha akainua mikono kumwombea rehema.

Nikaitikia amina, macho yangu yakiwa pale shuka lilipolala bapa juu ya kitanda.