Vunja Ulichokiunga

Ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, nausikia tena mlio wa chuma kikiachana na chuma mwenzake. Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada, uani kwa mama mkwe wangu hapa Nyakatuntu, na majirani walikuwa wamekuja kumjulia hali. Lakini nianzie nyuma kidogo, maana mzee akidandia habari katikati, msikilizaji hubaki njiani.

Umeniambia unajifunza kuchomelea kwa TIG, ile mashine ya kuunga chuma kwa umeme na gesi, na kwamba mwalimu wako ni simu. Sikucheki. Mimi nami sikuwahi kukaa darasani kwa kazi hiyo. Nilikuwa fundi cherehani. Mume wangu, Deus, alikuwa dereva wa lori, na katika safari zake alinunua mashine ya TIG kwa mtu wa Mwanza aliyekuwa anafunga karakana yake. Alikusudia kufungua ya kwake huku. Safari hazikumpa nafasi, mashine ikalala stoo nyuma ya magunia ya kahawa. Siku moja nikiwa nafagia nikaiona pedali yake, nikacheka peke yangu. Kumbe moto huu unaongozwa kwa mguu. Mkono wa kulia unashika tochi, wa kushoto unalisha waya wa kujazia, mguu unaongeza moto na kuupunguza. Nikajiuliza, ni nani huku kwetu aliyezoea kugawa mikono na mguu hivyo kama siyo mshonaji?

Sikuwa natafuta biashara. Mafundi wa senta walikuwa na mageti yao na mashine zao za kuchomelea kwa vijiti, sikutaka kugombania wateja wao. Niliipenda tu. TIG haina kelele nyingi wala hairushi cheche ovyo. Unakaa, unatulia, unaona chuma kinalainika na kuwa kidimbwi kidogo kinachong'aa, nawe unakisogeza taratibu. Deus aliniletea mtungi wa gesi ya agoni, inayokinga chuma kisiungue, kwenye lori, na mchana, umeme ukiwa na nguvu na watu wakiwa mashambani, niliiegemeza simu kwenye ndoo nikatazama mafundi wa nchi za mbali. Kiingereza chao kilinipita, kwa hiyo nilitazama mikono yao. Siku niliyoinua kofia ya kukinga macho kabla moto haujazimika, nilishinda na mchanga wa moto machoni hadi kesho yake. Hilo nalo lilinifundisha.

Nikatengeneza vishikio vya sinia, kinara cha mishumaa, kitu cha kutundikia vikombe. Kila aliyeona mishono yangu alisema imepangana kama shanga. Nami nikaamini, kwa sababu sifa ni tamu na haina mfupa.

Masika ya mwaka huo mama mkwe wangu, Ma Kokugonza, aliteleza kwenye majani ya mgomba yaliyolowa, akavunjika nyonga. Hospitali walimtibu vizuri, akarudi nyumbani, lakini fimbo haikumtosha. Alihitaji mkongojo ule wa miguu minne, wa kushika kwa mikono miwili, na tulikuwa hatujaupata. Akawa anashinda mlangoni, akikitazama kibanja chake cha migomba. Unajua mwanamke wa huku na migomba yake. Watu wakikata mkungu yeye anafumba macho, kwa sababu wanakata vibaya. Alianza kula kidogo. Siku moja nilimsikia akimwambia Deus kwamba mtu asiyeingia kibanjani mwake ameshahama duniani, bado kubebwa tu. Maneno hayo yaliniuma.

Nikaamua kumtengenezea mkongojo mimi mwenyewe, kwa mabomba ya chuma kisichoshika kutu. Nilipima urefu wake akiwa ameshikiliwa na Deus. Nilikata, nikasugua, nikaunga. Mabomba yalikuwa membamba na niliogopa kuyatoboa, basi mguu wangu ulikuwa mwepesi mno kwenye pedali. Waya uliyeyuka, ukalala juu kwa mpangilio mzuri sana. Nilipomaliza nikaung'arisha mpaka ukawa kama kioo.

Jumapili hiyo nikauweka mbele yake. Majirani wakausifu. Mmoja akasema hata mjini hakuna wa namna hiyo. Ma Kokugonza akapitisha kidole kwenye mishono, kisha akaniita.

"Adelina, uegemee wewe kwanza."

Nikauegemea. Ukanibeba.

"Sasa uangukie. Kama mtu aliyeteleza."

Nikaona haya mbele za watu, lakini mkwe haambiwi hapana. Nikajiachia kwa uzito wangu wote. Mguu mmoja wa mkongojo ukachomoka palepale kwenye muungo, mimi nikapiga magoti kwenye vumbi. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitesa. Yule aliyeusifu alianza kutazama kuku.

Ma Kokugonza alisubiri niinuke. Maneno yake yalikuwa ya Kinyambo, mwanangu, nayageuza tu nikijua ladha nyingine imebaki kule.

"Mimi nimeshaanguka mara moja," alisema. "Umenitengenezea kitu cha kutazama au cha kuegemea?"

"Cha kuegemea, Mama."

"Ulijuaje kwamba kimeshika?"

Nikasema ukweli. "Niliona kinapendeza."

"Macho yanapenda kwa haraka. Uzito hauna haraka." Akaniomba nimpe ule mguu uliochomoka, akautazama mwisho wake kwa muda. "Nenda kavunje."

"Nivunje nini, Mama?"

"Vyote ulivyounga. Utakachoshindwa kuvunja, hicho niletee."

Niliondoka na uchungu. Nilikuwa nimefanya kwa upendo, na nilitaka upendo wangu uhesabiwe. Njiani nilijiapiza kwamba mashine inarudi nyuma ya magunia. Deus hakunibishia. Aliubeba mkongojo uliovunjika, akautua mlangoni pa stoo mahali ambapo nisingeweza kupita bila kuuona, akaenda zake kulisha ng'ombe.

Kesho yake niliuokota. Nilipoutazama pale ulipoachana, nikaelewa. Bomba la chini lilikuwa bado linang'aa, safi kama lilivyotoka dukani. Moto haukuwa umeingia ndani. Muungo wangu ulishika ngozi, haukushika nyama. Wahenga walishamaliza: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi nikavunja. Niliazima jiliwa kwa fundi wa mageti pale senta, kile chuma cha kubana kazi kwenye meza, nikabana kimoja kimoja na kupiga nyundo. Vishikio vya sinia viliachia mara moja. Kinara nilikibana huku natokwa na machozi, nacho kikaachia. Kisha nikaanza upya na vipande vya mabomba visivyo na kazi. Nikajifunza kukanyaga pedali bila woga, kusubiri kidimbwi kifunguke pande zote mbili ndipo nilishe waya. Nikatoboa mabomba mengi. Fundi alipokuja kuchukua jiliwa lake aliona lile rundo, akakaa chini akaokota vipande. Yeye TIG hakuijua, nami vijiti sikuvijua. Lakini alinionyesha kuwa napeleka mkono mbio ninapokaribia mwisho, jambo ambalo nisingeliona, kwa kuwa ninapochomelea mimi siuoni mkono wangu, naona moto tu. Akaniachia jiliwa lile akasema nitalirudisha nikishiba kuvunja.

Kahawa ilikuwa imeanza kuiva nilipopeleka mkongojo wa pili. Mishono yake haikuwa ya kupendeza. Mingine ilivimba, mingine ilipinda. Ma Kokugonza akaniuliza jambo moja tu.

"Umeuvunja?"

"Nimeshindwa, Mama."

Deus akaurukia, mwanamume mzima na buti zake. Ukatulia. Mama akaomba ashikwe, akasimama, akashika vyuma kwa mikono miwili. Alitembea polepole hadi ukingo wa kibanja, akaingia baina ya migomba, akasimama hapo akihema. Sisi nyuma yake tulikuwa tunangoja aseme neno la shukrani.

"Nani ameacha machipukizi yakasongana hivi?" akauliza. "Nileteeni panga."

Jioni hiyo alikula sahani nzima ya ndizi.

Sasa nisikie, mwanangu. Kujifunza bila darasa si aibu, na usikubali mtu akuambie kwamba fundi ni cheti. Lakini aliyesoma darasani alikuwa na mtu wa kumwambia hapa umekosea, na wewe mtu huyo huna. Simu itakuonyesha mkono wa mwalimu, haitautazama wa kwako. Kwa hiyo mtafute mwenye jicho, hata kama kazi yake si yako sawasawa, umwombe akutazame. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi niliona guu la mkongojo likivunjika badala ya la mama. Linda macho yako. Na kila unachokiunga, kibane ukipige mwenyewe kabla hujampa mtu akiegemee. Kikivunjika mikononi mwako, hujapoteza kitu; kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ukimpenda mtu, usimpe kazi ambayo hujaijaribu, ukategemea upendo ushike pale ambapo moto haukuingia.

Mungu akutulizie mkono, akupe na moyo wa kukubali kuambiwa. Na yeyote atakayeweka uzito wake juu ya kazi yako, afike salama aendako.