Kesadia za Mama Kona, sifa za mwingine

Jua halijagusa dirisha la jikoni, na Mama Kona tayari anaponda viazi kwa mwiko. Havipondi vikawa uji. Anaacha vibonge vidogo vya kutafuna. Anatia kitunguu cha kukaanga na pilipili manga, anapaka kwenye mkate mwembamba wa ngano, ananyunyiza jibini, anaukunja kuwa kesadia na kubana ukingo kwa uma. Kona moja anaiacha wazi.

"Mvuke lazima upate pa kutokea," anasema bila kuinua macho. "Ukiziba kote, kesadia inapasuka, jibini yote inamwagika kikaangoni. Unabaki kukwangua tu."

Kona hiyo ndiyo iliyompa jina la utani. Na ndiyo inayomchemsha damu leo.

Jiko lake ndilo sebule yake. Meza anayokunjia kesadia ndiyo ambayo binti yake, fundi cherehani, hukatia vitambaa jioni. Sakafu imepigwa deki, vyombo vimefunikwa. Kwa miaka sita ametoka hapa kila asubuhi na hotipoti mbili kuupelekea mgahawa mmoja wa mjini, ukimlipa robo ya kile mteja anacholipa mezani. Gesi na jibini ni juu yake.

"Bei niliikubali kwa mdomo wangu, sina la kusema," anasema. "Lakini jina langu sikumuuzia mtu."

Wiki iliyopita binti alipita mgahawani humo akitoka kupeleka gauni la mteja. Ukutani akakuta picha kubwa ya kijana mwenye kofia nyeupe, ameshika sahani ya kesadia. Chini imeandikwa: "Siri ya mpishi wetu mkuu." Kila kesadia ilikuwa na kona moja wazi.

"Nikamuuliza mhudumu nani anazipika," anasimulia binti. "Akanijibu, 'Mpishi wetu, humu humu ndani.' Humu ndani! Nilitaka kucheka, machozi yakanitoka."

Mama Kona alifunga kitambaa kichwani, akaenda. Mwenye mgahawa alimkaribisha chai, akamweleza kwamba wateja hawapendi kusikia chakula kimetoka jikoni kwa mtu. Kisha, bila hata chembe ya haya, akamwomba aanze kuiziba ile kona, eti inaonekana kama kosa.

"Kosa!" Mwiko unagonga sufuria. "Miaka sita anakula kosa langu, ananenepa nalo!"

Inaudhi, na hakuna namna ya kulisema hili kwa upole. Jiko linalowalisha wateja wake ndilo mwenye mgahawa analolionea aibu, na kijana ambaye hajawahi kumenya hata kiazi kimoja cha kesadia hizo ndiye anayepigwa picha.

Leo hotipoti zimebaki kabatini. Mlangoni pake kuna meza ndogo, na juu yake kitambaa ambacho binti ametarizi kwa uzi mwekundu: "Kesadia za Mama Kona. Zimepikwa nyumbani."

Simu inaita. Ni mgahawa, kwa mara ya tatu asubuhi hii. Mama Kona anageuza kesadia upande wa pili na kuiacha simu iite.

"Zikiisha, kesho nitaongeza," anasema. "Zisipoisha tutakula wenyewe. Angalau tutajua tunakula za nani."