Mstari Mmoja Ulioshusha Bei ya Farasi wa Hamadi

Nimekosa. Naliandika hilo kwanza, mtu asije akadhani natafuta wa kunitetea.

Mimi ni mstaafu wa idara ya serikali Mombasa. Tangu nihamie Bordesley Green, Uingereza, kwa binti yangu, Waswahili wa huku huniletea fomu zao niwajazie. Kazi hiyo niliifanya bure na kwa majivuno. Sikupata kamwe kurudisha fomu yenye nafasi tupu!

Hamadi alikuwa rafiki yangu. Alisafisha mabehewa ya treni katika karakana ya Tyseley, jirani na kwetu, lakini ujana wake aliumalizia Nairobi akitunza farasi wa mashindano. Huku alishirikiana na mkulima mmoja Mwingereza nje ya mji wetu, wakanunua farasi jike mzee wa ukoo bora, naye akawazalia mtoto wa kike. Mtoto huyo alipotimiza mwaka, wakaamua kumpeleka mnadani. Akipata bei nzuri, Hamadi angeacha mabehewa na kurudi kulea farasi.

Msikitini walimtania kwamba ameingia kamari. "Mie siuzi kamari, nauza farasi," akawajibu. "Atakayecheza ni shauri yake."

Wiki chache kabla ya mnada alinipeleka shambani tujaze fomu ya muuzaji. Tulimkuta yule mtoto wa farasi akiguguna ubao wa mlango wa banda.

"Ana hasira huyu," Hamadi akacheka. "Kazoea malishoni, leo ndiyo mara ya kwanza kufungiwa. Kesho utamkuta ametulia."

Nilimsikia. Narudia: nilimsikia vizuri.

Tukaketi jikoni kwa mkulima. Nilipouliza kwa mara ya tatu tarehe ya kuzaliwa farasi, Hamadi akapiga meza. "Karani wee! Hata chai usipoipiga muhuri huinywi!" Akamtafsiria mkulima, naye akacheka mpaka akakohoa. Nilitabasamu. Moyoni niliungua.

Sehemu ya mwisho ya fomu iliuliza tabia mbaya za mnyama. Nikaandika kwamba ameonekana aking'ata ubao. Kwa nini aling'ata, sikuandika. Hamadi akatia sahihi bila kusoma, kwa sababu mwandishi nilikuwa mimi.

Siku ya mnada farasi wetu hakukosa kitu. Ukoo wake ulikuwa umechapwa katika orodha. Daktari wa mifugo alikwisha mpima koo na magoti, akamkuta mzima. Ndipo dalali akausoma mstari wangu kwa sauti. Farasi mwenye mazoea ya kung'ata ubao na kumeza hewa huogopwa. Wanunuzi husema hukonda na kuumwa tumbo, na wenziwe bandani humwiga. Niliwaona wakifunga orodha zao, mmoja baada ya mwingine. Bei ikaanzia chini na ikabaki chini. Mkulima alikuwa na shida zake za fedha, hakukubali kumrudisha nyumbani. Nyundo ya dalali ikagonga, akauzwa.

"Nani kaandika vile?" Hamadi aliniuliza nje.

"Mimi. Niliona kwa macho yangu."

"Na nililokwambia?"

"Fomu iliuliza tabia, Hamadi. Haikuuliza sababu."

Lo! Naona haya hata kuyanakili maneno hayo!

"Sawa, Karani," akasema taratibu. "Weka nakala." Akaingia kwenye gari la mkulima. Nilirudi mjini kwa treni, peke yangu.

Yule farasi jike mzee aliuzwa pia. Hamadi yuko Tyseley hadi leo, na magoti yanamsumbua. Mkulima aliniambia baadaye kwamba kwa mwenyewe mpya yule mtoto hajaguguna chochote, na anakimbia vizuri sana.

Wapo wanaonisifu kwa uadilifu! Hao wananiudhi kuliko wanaonilaumu. Kwa miaka miwili nimewaacha waamini kwamba nilisema kweli. Kweli gani? Nusu niliyoichagua mwenyewe, nikiwa na kinyongo cha mzaha wa jikoni!

Hamadi tukikutana msikitini hunipa mkono, huniuliza hali ya binti yangu, kisha huenda kuketi safu nyingine.

Nawe unayewajazia wenzako fomu, sikia. Kabla hujampa mtu kalamu atie sahihi, msomee ulichoandika, neno kwa neno, huku ukimtazama usoni. Ukiona kuna mstari usioweza kumsomea, ufute. Mimi niliuona, nikaikunja karatasi, nikamwonyesha pa kutia sahihi.