Mafuta Hayajazwi Lumbesa

Leo kwenye duka la spea nimechovya kidole kwenye mafuta ya silikoni, nisije nikauziwa feki. Yalivyovutika kama asali, nikajikuta kimawazo uani kwetu Ubaruku.

Mpunga wa mama ulikuwa bado shambani, mvua imekaribia, na gari letu lilivuta kwa magurudumu ya mbele tu, ya nyuma yamegoma. Mjomba alifungua kikopo cha chuma kinachopeleka nguvu nyuma, akaosha visahani vyake, akavipanga upya. Nilivihesabu mara mbili. Mama akashika chupa ya mafuta mapya ya silikoni, akamimina mpaka pomoni.

“Dada, hili siyo gunia la lumbesa, ujaze mpaka lifurike!” mjomba akaruka. “Yakipata moto yanatanuka. Yaachie nafasi!”

“Sijawahi kumpunja mtu, nianze na gari?”

Mjomba akayapunguza kwa bomba la sindano la ng'ombe, akafunga.

Tukaenda shambani, tukarudi na magunia tukipita topeni. Mwenye trekta alisimama kando na kamba yake, akingoja tukwame atuvute kwa pesa. Gari likasita, likatetemeka, kisha magurudumu ya nyuma yakashika. Tukapanda tuta, tope likiruka pande zote.

Mama akatoa kichwa dirishani, akamgeukia mwenye trekta. “Kaka, kunja kamba! Kafungie mbuzi!”