Bunduki Iliyopauka

Mume wangu alikuwa mwanajeshi mstaafu. Alipofariki niligawa nguo zake zote isipokuwa fulana moja, ambayo sikuifua. Eda ilipokwisha nikajiunga na mafunzo ya mgambo, maana shule moja ya Kimara iliniahidi kazi ya ulinzi nikipata cheti. Nikishindwa shabaha, cheti hakuna, na kazi anapewa mwingine.

Siku ya shabaha tulipelekwa kwenye uwanja wa mchanga upande wa Mbweni. Upepo ulivuma tangu asubuhi, mchanga ukaingia hadi kwenye meno. Kwanza kulikuwa na ukaguzi, na kila kuruta hutaka bunduki yake ing'ae mbele ya mkufunzi. Wenzangu walizipaka mafuta mpaka yakachuruzika. Mie nilitoa ile fulana mkobani, nikafuta yangu ndani na nje, mafuta yakabaki kama harufu tu. Marehemu alizoea kuniambia kwamba mafuta mengi yakikutana na mchanga yanakuwa uji, na bunduki haimezi uji.

"Shangazi, mbona imepauka?" akauliza mwenzetu mmoja, muuza mitumba wa Buguruni. "Hata magoti yako yana mafuta kuliko hiyo!"

Wakacheka. Nikacheka nao, nikaendelea kufuta. Sikuwa na hakika. Nilichokuwa nacho ni maneno ya mtu aliyekufa.

Tukalala kifudifudi, upepo ukitupiga ubavuni. Muuza mitumba alifyatua mara mbili, kisha kimya.

"Afande, imegoma!"

"Haijagoma, umeikaanga!" mkufunzi akamjibu. "Weka chini, ukaisafishe, utarudia."

Wengine wawili nao zikawakwama. Ikafika zamu yangu. Nikavuta pumzi, nikafyatua. Ganda la risasi likaruka. Nikafyatua tena, na tena, mpaka magazini ikawa tupu. Haikukwama hata mara moja! Nisiwe mwongo, risasi nyingine zilikwenda kombo, lakini nyingi zilitoboa pale zilipotakiwa.

"Shangazi amefaulu!" mkufunzi akatangaza.

Muuza mitumba akanijia mbio. "Shikamoo, shangazi! Niazime basi hicho kitambaa."

"Marahaba. Hiki hakiazimwi."

Nilirudi Temeke natembea kifua mbele. Nikainusa fulana kabla ya kuifua. Jasho lake lilikuwa limekwisha siku nyingi, nilikuwa najidanganya tu. Sasa ilinuka mafuta ya bunduki, kama alivyonuka yeye akirudi kutoka kazini. Nikaifua, nikaianika juani.

Siku niliyoanza kazi Kimara, niliivaa ndani ya sare.